Hivi siasa za matusi zilianza lini hasa, au wazee wetu wanatudanganya?

#1 Mtoro wa Darasa
Wakuu, salaam.

Jana jioni kijiweni Magomeni mzee mmoja, mteja wa kahawa wa kila siku, alituchapa mhadhara wa nusu saa. Anasema enzi zao mwanasiasa akipanda jukwaani alijenga hoja, akashuka, na watu wakarudi nyumbani wakibishana juu ya shule na bei ya pamba. Leo mtu anapanda kumjadili mwenzake mke wake, kimo chake na maradhi yake, na akishuka anapigiwa vigelegele.

Nikarudi nyumbani, nikamkuta mwanangu wa miaka tisa anagombana na mwenzake kwenye gemu, anamwita "chawa". Nikamuuliza chawa ni nini. "Ni mtu wa kusifia wakubwa ili apewe hela." Miaka tisa!

Mimi naona mlango ulifunguliwa tarehe 23 Agosti 2015 pale Jangwani, marehemu Mzee Mkapa aliposema wale wanaodai kuikomboa nchi ni wapumbavu na malofa. Kama mtu wa hadhi ile, rais mstaafu, msomi wa Makerere, anasema hivyo siku ya ufunguzi wa kampeni, nani tena atamkanya kijana? Kabla ya hapo sikumbuki kitu cha namna hiyo. Nikosoeni.

#2 Kahawa Chungu
Naweka kigoda hapa. Huu uzi hauishi leo.

#3 Fundi Saa
Mleta mada una miaka mingapi? Uchaguzi mdogo wa Arumeru Mashariki, 2012, mimi nilikuwa Usa River. Yaliyotoka kwenye vipaza sauti siku zile, mama mkwe wangu alifunga madirisha mchana wa joto.

Halafu hilo la Jangwani ulisikilize lote. Hoja yake ilikuwa kwamba nchi hii ilishakombolewa na TANU na ASP, sasa nyinyi mnamkomboa nani kutoka kwa nani? Kukubali au kukataa ni juu yako, lakini hoja ilikuwepo. Muulize mtu yeyote leo alisema nini siku ile, atakutajia maneno mawili tu. Tusi lilimeza hoja likalala.

"Lofa" lenyewe ni neno la zamani, lilitoka kwa Waingereza, kwao ni mtu wa kuzurura bila kazi. Baba yangu alilitumia kwa mtu asiye na kitu mfukoni, tena kwa kujitania: "mwezi huu mimi lofa." Baada ya siku ile mtaani kwetu vijana walianza kusalimiana hivyo. Vipi lofa? Safi, mpumbavu.

#4 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Huyo mzee wenu wa Magomeni naje Unguja tumsimulie.

Sisi kipindi cha 1957 mpaka 1963 tunakiita Zama za Siasa, na hatukiiti hivyo kwa kukisifu. Gazeti la chama hiki likitoka, la chama kile linajibu, na majibu si ya bandari wala karafuu. Ni baba yako nani, babu yako kaja na jahazi gani, wewe umezaliwa wapi. Mzee Karume alipogombea Ng'ambo 1957 aliwekewa pingamizi kwamba si mzaliwa wa hapa, kazaliwa Nyasa. Pingamizi likatupwa, na kura akashinda. Lakini neno lilikuwa limeshasemwa, na neno la namna hiyo halirudi mdomoni.

Kisha 1958 likaja la kugomeana. Mtu wa chama cha Afro-Shirazi hanunui duka la Hizbu, chama pinzani, Hizbu hapandi basi la Afro-Shirazi. Watu wakatafautiana mpaka misikitini. Maziko hayaendewi! Kwa asiyejua Unguja, hilo la maziko ndilo kubwa kuliko yote. Bibi yangu mzaa mama akikaa ukuta kwa ukuta na dada yake, waume zao vyama mbali mbali. Dada akafiliwa na mtoto. Bibi alilia ndani mwake mlango umefungwa, hakwenda. Kanisimulia hayo ana miaka themanini na kitu, na bado akisimulia anaangalia chini.

Juni 1961 siku ya uchaguzi zikaanza fujo, wakauliwa watu 68. Matusi yalikuwa na miaka minne kazini kabla panga halijatoka.

#5 Kahawa Chungu
Bi Mkubwa shikamoo. Maneno yenyewe waliyotukanana yalikuwa yapi?

#6 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
Marahaba. Siyaandiki. Wajukuu wa waliotukana na wajukuu wa waliotukanwa wameshaoana, na wengine wamo humu wanasoma.

#7 Shairi la Mvita
Nyote mnasimama karibu mno. Mvita (Mombasa) na Amu (Lamu) zilitukanana kabla hakujakuwa na chama wala gazeti. Muyaka bin Haji, aliyekufa 1840, ndiye aliyekuwa ulimi wa Mombasa enzi za utawala wa Mazrui. Amu nao walikuwa na wao, Bwana Zahidi Mngumi. Shairi likitungwa huku linavuka kwa jahazi, linajibiwa kule, linarudi limefungwa fumbo juu ya fumbo. Vita vya Shela vikapiganwa, Mombasa na Pate wakapigwa na watu wa Amu, na mashairi hayakunyamaza. Tunayo mengi ya Muyaka kwa sababu Mwalimu Sikujua wa Mombasa aliyakusanya kwa wazee waliokuwa wakiyakumbuka kwa kichwa. Fikirini: watu walihifadhi kejeli vichwani miaka hamsini.

Ila walikuwa na adabu moja ambayo leo haipo. Ilibidi utimize vina na mizani. Hasira haziwezi kukupanda huku unahesabu kumi na sita.

#8 Msumari wa Moto
Mkuu #7 unatupamba. Mizani haipunguzi sumu, inaifanya ikumbukwe. Wewe mwenyewe umesema, miaka hamsini vichwani.

Nadharia yangu: siasa zetu za bara zilichukua mtindo kwenye mipasho. Miaka ya 90, vikundi vya taarabu vya TOT na Muungano. Khadija Kopa huku, Nasma Khamis kule, ukumbi umejaa, jina halitajwi na kila mtu anajua anayechambwa, akina mama wanainuka kwenda kutuza. Na TOT ilikuwa ya chama cha CCM, Kapteni Komba alikuwa kiongozi wake na baadaye akawa mbunge. Sasa unashangaa nini mgombea akipanda jukwaani na mtindo ule ule, halengi sera, analenga mtu, na anasubiri kutuzwa?

#9 Nyota ya Tandale
#8 umegeuza gari nyuma mbele. Ngoma ndiyo iliyoingiza watu kwenye siasa tangu mwanzo. Bibi Titi Mohamed kabla ya TANU alikuwa mwimbaji wa kikundi cha ngoma cha Bomba hapa Dar, na akina mama wa vikundi kama kile ndio waliojaza mikutano ya Nyerere 1955. Siasa hazikuazima ulimi kwa ngoma juzi. Zilizaliwa nao.

Na mipasho ina mwisho: bendi zikimaliza zinagawana pesa za mlangoni. Mara nyingine waliochambana wanapanda gari moja.

#10 Kahawa Chungu
Wanasiasa nao hupanda gari moja, tena V8 😂

#11 Wakili Uchwara
Jina langu lisiwatishe, nalieleza chini.

Nyote mnajadili kana kwamba tusi ni kitu kinachojulikana, kama embe. Swali ni nani mwenye mamlaka ya kusema "hili ni tusi". Chukueni neno moja tu: dhaifu. 2013 bungeni, Mnyika, mbunge wa upinzani, alisema nchi imefika pale kwa udhaifu wa Rais Kikwete. Naibu Spika Ndugai akamwambia afute, akakataa, akatolewa nje. Miaka ikapita, Ndugai sasa ni Spika, CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, Profesa Assad akasema Bunge lina udhaifu katika kusimamia utekelezaji wa ripoti zake. Akaitwa kwenye kamati ya maadili ajieleze, na Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Neno lile lile, kiti kile kile. Mkaguzi wa hesabu akiandika "udhaifu wa mifumo" kwenye ripoti ni istilahi ya kazi yake. Akilisema mdomoni likawa tusi.

Rudini nyuma zaidi. 1958 Nyerere alishitakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa wilaya katika Sauti ya TANU. Faini shilingi 3,000 au jela miezi sita, akalipa. Wakoloni waliona ni matusi, sisi leo tunaita kupigania uhuru. Lissu wa upinzani naye 2016 alisema "dikteta uchwara", akafunguliwa kesi ya uchochezi. Tangu siku ile nimelipenda hilo neno "uchwara", ndiyo nikalivaa.

#12 Fundi Saa
Wakili, marekebisho mawili. Mnyika ni Juni 2012, si 2013. Na hakusema la rais peke yake: udhaifu wa rais, uzembe wa Bunge na upuuzi wa CCM, mafungu matatu kwa pumzi moja. Ya CAG alisema Desemba 2018 akiwa New York kwenye mahojiano, Bunge likapitisha azimio Aprili 2019.

#13 Wakili Uchwara
Nakubali. Kumbukumbu zangu dhaifu.

#14 Jakisumo
Jirani zangu Watanzania, mnafukuzana bungeni kwa "dhaifu"? Huku kwetu mtu akiitwa dhaifu anashukuru Mungu.

Mimi ni wa Kisumu, kwa hivyo nitasema ya Kisumu. Tarehe 25 Oktoba 1969 Mzee Kenyatta alikuja kufungua ile hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Warusi, hadi leo tunaiita Russia. Jaramogi Oginga Odinga yuko pale, wakati huo ndiye kiongozi wa KPU, chama cha upinzani. Rais wa jamhuri akiwa kwenye maikrofoni alimtukana mwenzake waliyepigania naye uhuru, matusi ya nguoni, ya mama, hadharani, na redio iko. Baba alikuwa pale akiwa mtoto wa shule, wamepangwa kwenye mstari na bendera. Msafara ukitoka, walinzi wakafyatua risasi kwa umati. Watu walikufa, watoto wakiwemo. Siku chache baadaye KPU ikapigwa marufuku, Jaramogi akawekwa kizuizini. Sasa huyo mzee wa kahawa anasema zamani ilikuwa hoja kwa hoja?

Baada ya hapo nichague gani? Marehemu Kibaki, mchumi, mpole, akikasirika ni "pumbavu" na "mavi ya kuku". Uhuru Kenyatta siku Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi, 1 Septemba 2017, alienda soko la Burma akawaita majaji wakora. Marehemu Raila ndiye aliyekuwa na njia yake: kitendawili, umati unaitika tega, halafu anakupiga bila kukugusa. Ile ya Muyaka, sema bila mizani.

#15 Kijana wa Kisauni
Jakisumo, uwe mkweli, siku ile ya Russia umati nao ulianza kuzomea na kupiga kelele za "Ndume!" kwa sababu alama ya KPU ilikuwa fahali. Haikuwa upande mmoja.

#16 Jakisumo
Kuzomea na risasi ni upande mmoja na mwingine? Sawa.

#17 Kijana wa Kisauni
Sijasema hivyo, ndugu. Nimesema ya midomo.

Tena mmesahau kioja cha 2022. Tume ya Uwiano na Utangamano, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2008 baada ya vita vya uchaguzi, ilitoa orodha ya maneno ya kuepukwa kwenye kampeni. Madoadoa ndani, mende ndani, kwekwe ndani. Hayo naelewa, madoadoa, neno la kumwita mtu wa kabila geni, limeua watu Bonde la Ufa tangu miaka ya 90. Lakini na hatupangwingwi ndani! Neno la vijana la kusema hatupangiwi na mtu. Wiki hiyo Kisauni nzima ilikuwa inalisema kuliko mwezi mzima uliopita. Makonda walikuwa wanaita abiria nalo.

#18 Mama Kata
Nimesoma toka juu, wanaume mnahesabiana tarehe. Ngoja niwaambie linavyokuwa ukiwa mwanamke.

Niligombea udiwani mara moja, 2015, chama na kata havina haja. Mpinzani wangu ni jirani, mtu mtaratibu kabisa, tulisoma naye shule ya msingi. Mkutano wake wa kwanza alizungumzia zahanati. Watu walipiga miayo, wengine wakaondoka. Mkutano wa tatu akauliza: "Huyu mama anayetaka kuongoza kata, kwake nani anamwongoza?" Maana mimi nimeachika. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Waliocheka mpaka kushikana mabega ni wanawake, nawajua kwa majina, mmoja tulikuwa upatu mmoja.

Kuanzia hapo zahanati haikutajwa tena. Kila siku ni mimi. Nani kaonekana akitoka kwangu saa ngapi. Yule alikuwa fundi bomba!

Mkutano wangu uliofuata walijaa kuliko siku zote, wamekuja kusikia nitajibu nini. Na jibu nilikuwa nalo. Tumekua pamoja, naijua nyumba yao, nalijua jambo ambalo ningelisema pale asingetoka nje wiki nzima. Nilikuwa nalo hapa kwenye ulimi. Mama yake alikuwa amekaa mstari wa pili. Nikazungumzia zahanati.

Nilishindwa kwa kura 61. Baada ya matokeo alikuja kwangu na mkewe na kuku wawili, "dada, yale yalikuwa siasa tu." Nikapokea kuku, ningefanyaje. Lakini zipo usiku mpaka leo naamka nalikumbuka lile jibu, nalisema peke yangu gizani, linatoka zuri kweli.

#19 Kahawa Chungu
Pole sana Mama Kata. Jibu lenyewe lilikuwa lipi?

#20 Mama Kata
Wewe mtoto una matatizo.

#21 Nyota ya Tandale
Mama Kata, hilo la kuachika halijaanza kwako. Wangari Maathai alipopinga lile jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru Park, 1989, wabunge wa Kenya walisimama kumjadili yeye na talaka yake. Eti kundi la wanawake walioachika. Moi naye akasema ana wadudu kichwani. Jengo lenyewe, gharama zake, deni lake, nani aliyejadili? Jengo halikujengwa, lakini si kwa sababu walijibu hoja. Wafadhili waliingiwa na baridi.

#22 Mkwezi
Na kuku walikuwa wa kienyeji au wa kisasa? Maana msamaha una viwango.

#23 Mama Kata
Kienyeji. Jogoo na tembe. Tembe alitaga mpaka 2018.

#24 Barabara ya Kampala
Mimi nitawatibua kidogo. Mnasema ufidhuli kama ugonjwa. Uganda umewahi kuwa silaha ya makusudi ya mnyonge.

Miaka ya 1940 Waganda wa kundi la Bataka waliona kwamba adabu ndiyo kamba waliyofungwa nayo: chai kwa gavana, barua za "mtumwa wako mtiifu", ukilalamika kwa heshima unajibiwa kwa heshima na hakibadiliki kitu. Mwakilishi wao London, Semakula Mulumba, 1948 alialikwa chakula cha jioni na askofu wa Kianglikana wa Uganda. Akajibu kwa barua ndefu ya kumkataa na kumshushua, na barua ikasambazwa isomwe. Fikirini mtu mweusi wa 1948 anamwambia askofu, "sili kwako".

Ukija karibu kuna Dk. Stella Nyanzi. 2017 alimfananisha Museveni na jozi ya matako, akalala rumande siku 33. 2019 akahukumiwa miezi 18 kwa shairi, 2020 Mahakama Kuu ikamwachia. Wengi walisema angetumia lugha nzuri. Lakini lililomuudhi mwanzoni ni pedi za wasichana wa shule zilizoahidiwa na serikali ikasema haina pesa. Waliolisema hilo kwa lugha nzuri walikuwepo, majina yao hatuyajui.

#25 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
#24 hoja yako naiona, lakini mnyonge akishazoea silaha hiyo huwa haitui akishapata nguvu. Sisi tumeyaona baada ya Januari 1964.

#26 Mshi wa Bukavu
Jambo wandugu. Kwetu Kongo kuna jambo moja watu wanasahau. Tarehe 30 Juni 1960, siku ya uhuru wetu, Lumumba alisema mbele ya mfalme Baudouin maneno ambayo Wabelgiji waliita matusi makubwa. Mfalme alitaka kuondoka palepale. Lakini soma hotuba: hakuna tusi hata moja ndani. Mojawapo ya vitu alivyokumbusha ni kwamba mtu mweusi aliambiwa "tu", ile "wewe" ya Kifaransa ya kumwambia rafiki au mtoto, si kwa urafiki, ila sababu "vous" ya heshima ilikuwa ya wazungu tu. Miaka themanini Mkongo anatukanwa kila siku kwa kiwakilishi kimoja kidogo, hakuna aliyeita ile matusi. Yeye akasema mara moja kwamba ile iliuma, ndiyo akawa mkosa adabu.

Mchana chakulani alitoa hotuba ya pili, ya upole, ya kumtuliza mfalme. Ile hakuna anayeikumbuka.

#27 Wakili Uchwara
#26 hiyo ndiyo hoja yangu ya #11, umeisema vizuri kuliko mimi. Naona wivu.

#28 Theluji ya Minnesota
Msijione wakosaji peke yenu. Huku Marekani, 1856, Seneta Charles Sumner alihutubia siku mbili dhidi ya utumwa, na katikati akamdhihaki seneta mwenzake Butler, mzee, mpaka namna anavyoshindwa kutamka maneno vizuri. Tarehe 22 Mei ndugu yake Butler, mbunge Brooks, akamfuata kwenye dawati lake ndani ya Seneti, akampiga kwa mkongojo mpaka ukavunjika. Ilimchukua Sumner miaka mitatu kurudi kazini. Na mashabiki wa Brooks walimtumia mikongojo mipya kama zawadi.

Mtu wa haki, hoja ya haki, na bado hakuweza kujizuia kucheka mdomo wa mzee.

#29 Mkwezi
Kwa hiyo huko zawadi mikongojo, huku kuku. Tumewazidi ustaarabu.

#30 Bando Limeisha
Nimekuwa nasoma kimya tangu jana. Leo naungama.

2020 nimemaliza chuo sina kazi. Rafiki akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp. Asubuhi linatumwa andiko la siku: nani wa kumshughulikia na kwa lipi. Malipo ni bando na elfu tano kwa siku. Sisemi ni kambi ipi, na mkinisikiliza mtaona haina maana.

Mwanzoni nilijitahidi. Niliandika aya tatu juu ya deni la taifa, na takwimu zake. Komenti mbili, moja ya shangazi yangu. Kesho yake nikaandika kwamba jamaa ana kitambi na suti ni ya kuazima. Komenti mia nne. Aliyetusimamia hakuwahi kutuambia tutukane, nawaapia. Alihesabu komenti tu. Wenye nyingi wiki ijayo wanabaki, wenye chache wanatolewa kundini bila kuagwa.

Miezi miwili baadaye akahamia upande wa pili na sisi tukahama naye. Vile vijembe vyote nilivyokuwa nimemtungia yule wa kwanza nikavihamishia kwa wa pili. Nilibadilisha jina tu. Kitambi kilikuwa kile kile.

Kwa hiyo mleta mada, mambo ya Jangwani, Zama za Siasa, Muyaka, sijui. Mimi niliona kikokotoo.

#31 Fundi Saa
#30 asante kwa ukweli, ila 1961 hakukuwa na bando wala kikokotoo, na watu 68 walikufa. Pesa haitoshi kuwa jibu.

#32 Bando Limeisha
Wenye magazeti ya wakati ule nao walihesabu nakala, kaka.

#33 Msumari wa Moto
Lakini wa chini ndiye anayelipa. 2016 kuna mtu Arusha aliandika neno moja Facebook juu ya Rais Magufuli, akahukumiwa kwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015: faini milioni 7 au miaka mitatu jela. Wanaotukana majukwaani na ulinzi juu wanahukumiwa na nani?

#34 Mkwezi
Jamani na hili la chawa hamjaligusa. Zamani ukimwita mtu chawa mnapigana. Sasa kuna watu wanajitambulisha hivyo kwenye mikutano, wanashika maikrofoni, "mimi ni chawa namba moja," na wanapigiwa makofi. Tusi limepewa cheo! Bi Mkubwa, Muyaka wenu angesema nini hapo?

#35 Shairi la Mvita
Muyaka ni wetu wa Mvita, si wa Bi Mkubwa. Angetunga beti nne. Ya tatu ingekuhusu wewe.

*[Posti #36 na #37 zimeondolewa. Jadilini mada, msijadiliane nyinyi kwa nyinyi. Msimamizi]*

#38 Kahawa Chungu
Nimetoka kwenda kuchukua maandazi tu! Nani kamwambia nani nini? Neno lenyewe lilikuwa lipi?

#39 Nyota ya Tandale
Msumari alimwambia Wakili hoja zake ni dhaifu. Wakili akasema afute. Msumari akakataa.

#40 Bi Mkubwa wa Ng'ambo
😂😂 Yarabi. Nalia peke yangu huku jikoni.

#41 Mtoro wa Darasa
Wakuu, shukrani kwa wote. Leo nimerudi kijiweni, nikamsomea yule mzee uzi huu tangu mwanzo kwenye simu. Amesikiliza kwa utulivu. Ya Kisumu alitikisa kichwa. Ya Mama Kata aliniambia nirudie, nikarudia, akasema huyo mama angelisema tu.

Halafu nikamuuliza: mzee, wewe 1958 ulikuwa wapi? Akasema alikuwa kijana wa TANU, anapanda nyuma ya gari lenye bomba la sauti, Magomeni, Ilala, mpaka Temeke, dhidi ya UTP, kile chama alichokibeba Gavana Twining. Walikuwa na nyimbo za kuwaimba wale viongozi Waafrika waliojiunga UTP, jina kwa jina, nyumba kwa nyumba, wakipita mbele ya milango yao. Macho yalimng'aa akisimulia.

Nikamwambia, sasa mzee, hayo si ndiyo matusi yenyewe? Akaweka kikombe chini. "Wale hatukuwatukana. Tuliwaambia ukweli wao."

#42 Kahawa Chungu
Ukweli gani? Nyimbo zenyewe zilisemaje?